Binti wa Dunga: Anaruka, Anapaa au Anaelea?

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja alasiri mjini Kisumu, mbele ya vijana wanaosoma na kuchora hadithi za mashujaa. Nimeyaandika upya kutoka kwenye daftari langu, pamoja na mizaha iliyochekwa na ile iliyoanguka chini bila mtu kuiokota.

Wanangu, wachoraji, wasomaji, na ninyi wazazi mliokuja kuhakikisha kwamba kweli watoto huwa wanaenda mkutanoni, hamjambo.

Nilipoalikwa niliambiwa nina dakika 20 na kazi moja: kuamua ugomvi. Wengi mnaujua, ila acha nieleze kwa walioingia sasa hivi. Vijana hawa wana daftari lao la katuni. Ndani yake mna shujaa, msichana muuza samaki wa ufuo wa Dunga, ambaye asubuhi moja miguu yake inaachana na ardhi. Kurasa 12 za kwanza zimechorwa vizuri mno. Ukurasa wa nne kuna mama anayekaanga samaki, nami nilipoufikia nikasikia njaa. Ukurasa wa 13 ni mtupu. Umekuwa mtupu miezi miwili sasa, kwa sababu hapo ndipo nyanya yake anamuuliza, "Umefanya nini, mjukuu wangu?" na hakuna anayekubaliana na mwenzake kuhusu jibu.

Wako wanaotaka ajibu, "Nimeruka." Wako wanaotaka, "Nimepaa." Na wako wale watatu wanaokaa pamoja pale dirishani, ambao wanasema, "Nimeelea," na hawataki kusikia jingine. Nimeambiwa kuna waliofika mahali pa kutosalimiana. Kikundi cha watu 14 kina vyama vitatu. Hata wanasiasa wetu wangewaonea gere.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Hesabu mtakazozisikia leo nimesaidiwa na mwenzangu wa fizikia katika chumba cha walimu, naye alizipiga nyuma ya karatasi ya mtihani huku akiniuliza kama niko sawa. Kwa hiyo zikikosewa, kosa ni letu sote wawili. Ila kuhusu maneno, nitajitetea peke yangu.

Tuanze na kuruka, maana ndilo lenye wafuasi wengi. Mtoto wa chekechea anaruka kamba. Panzi anaruka. Kunguru anaruka. Mwanafunzi anaruka swali la sita. Mtu akirukwa na akili jamaa zake wanahangaika, na mtu uliyemkopesha pesa akisema hakujui, hapa Kenya tunasema amekuruka. Neno moja, kazi zote hizo. Kiswahili hakikuona haja ya kumtenga aliyeiacha ardhi kwa nusu sekunde na aliyeiacha tangu asubuhi mpaka jioni.

Mtasema huo ni umaskini wa lugha. Haya, sikilizeni habari za yule bwana wa joho jekundu. Superman alipochapishwa mara ya kwanza, katika toleo la Juni 1938, kazi ya vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, hakuwa anaruka kama ndege. Alikuwa anaruka kama panzi. Uwezo wake ulipimwa kabisa: thumuni ya maili kwa mruko mmoja, yaani mita 200 hivi, na kulivuka jengo la ghorofa 20. Kisha anatua, anakunja magoti, anaruka tena. Miaka michache baadaye, kwenye filamu za katuni zilizoanza 1941, mruko ukageuka safari ya angani. Inasimuliwa kwamba wachoraji wa filamu waliona mtu mzima anayedundadunda mjini kama mpira anachekesha kuliko kutisha, wakaomba aachwe huko huko juu. Kwa Kiingereza ilibidi neno zima libadilishwe. Sisi tungeendelea tu: mwaka 1938 anaruka, mwaka 1941 anaruka. Mfasiri angelala usingizi wake.

Lakini huyo huyo mfasiri asingelala alipofika kwenye mchezo wa redio wa Superman. Mnakumbuka kile kilio cha watu wanaotazama juu, mmoja anadhani ameona kiumbe chenye manyoya, mwingine anadhani ameona chombo chenye injini? Hebu kifasirini. "Ni ndege!" anasema wa kwanza. "Hapana, ni ndege!" anasema wa pili. Wanakaribia kupigana ilhali wamekubaliana. Mluo hana shida hapo. Mwenye manyoya kwake ni winyo, na ile ya kwenda Nairobi ni ndege, neno alilolichukua kwetu akalipa kazi moja tu. Amekopa kisu akakinoa kuliko mwenyewe.

Na Kisumu isijifanye mgeni wa mambo ya angani. Tangu 1931 ndege za Imperial Airways za safari ya Uingereza na Afrika zilikuwa zikipita hapa, na zile za kutua majini zilishukia ziwani humu. Mvuvi aliyekuwa ufuoni aliona kitu kikielea kama mtumbwi, kikakimbia juu ya maji, kikaruka, kikapaa. Vitenzi vyenu vyote vitatu, kwa chombo kimoja, ndani ya dakika moja. Yeye hakugombana na mtu. Alitumia kila kitenzi wakati wake ulipofika.

Mimi kwetu ni Nakuru, na hilo la kukimbia juu ya maji nimelitazama tangu utotoni. Flamingo haachi maji hivi hivi. Anakimbia kwanza, miguu inapiga maji, shingo mbele, mpaka mbawa zishike hewa. Msichana wenu, kwa jinsi alivyochorwa ukurasa wa 12, hakukimbia hata hatua moja. Alikuwa amesimama, beseni lake liko chini, mara kukawa na nafasi kati ya ndala zake na mchanga. Hicho ni kitu tofauti na flamingo, na ninyi mmekichora kabla hamjakipa jina. Mkono wenu ulijua kitu ambacho midomo yenu bado inagombania.

Kupaa ni neno zuri, na kanisani tunalijua. Lina heshima. Bei ya unga nayo hupaa, bila heshima yoyote. Shida yake ni kwamba linaangalia upande mmoja tu, juu. Anayepaa anatoka chini anakwenda juu, basi. Hatupai kwenda Homa Bay. Msichana akijibu, "Nimepaa," amemwambia nyanya yake alikoelekea, hajamwambia lililompata. Tena watu wa pwani wakisikia muuza samaki ametumia asubuhi nzima akipaa, hawatashangaa hata kidogo, kwani kwao kupaa samaki ni kumtoa magamba. (Hapa watu wa dirishani walipiga meza. Nikawaambia wasubiri, zamu yao inakuja.)

Sasa tuache maneno kidogo tuingie kwenye sababu, maana nimeona ugomvi wenu wa jina ni ugomvi wa sababu uliovaa nguo nyingine. Anayetaka "kuruka" ana picha ya mtu anayeisukuma dunia. Anayetaka "kuelea" ana picha ya mtu ambaye dunia imemwachia. Ni nguvu mbili tofauti kabisa, na kila moja ina bili yake.

Tuseme anasukuma. Mwili wake kilo 60, beseni na samaki kilo 20, jumla kilo 80. Hakuna kamba inayomshika, kwa hiyo lazima kitu kisukumwe chini ili yeye abaki juu, na kitu pekee kilichopo ni hewa. Mwenzangu wa fizikia akachukulia kwamba anasukuma hewa ya eneo la mita moja ya mraba, kama vile amesimama juu ya feni kubwa isiyoonekana. Kutulia tu hapo hewani, bila kwenda popote, kunamdai kilowati 15 hivi, nguvu ya farasi 20. Na hewa inayopita kwenye hiyo feni inakwenda karibu kilomita 70 kwa saa, na inazidi kasi ikishuka. Sasa fikirieni Dunga. Fikirieni omena walioanikwa juu ya nyavu. Shujaa wenu akiinuka mara moja, kina mama watamkimbiza mpaka Nyalenda.

Tena ale nini? Saa moja ya kazi hiyo, tukikumbuka kwamba msuli hugeuza kama robo tu ya chakula kuwa kazi, ni nguvu iliyomo katika kilo 14 za unga wa mahindi. Pakiti saba za kilo mbili mbili. Kwa bei za sasa huyo si shujaa, huyo ni mzigo kwa familia.

Msidhani natia chumvi. Mwaka 1980 huko Marekani ilitangazwa zawadi kwa yeyote atakayetengeneza helikopta inayoendeshwa na misuli ya mtu peke yake, ikae hewani dakika moja na kufika kimo cha mita tatu. Wahandisi walihangaika miaka 33. Waliofaulu, mwaka 2013, walikuwa timu ya Kanada, na mtambo wao ulikuwa na mapangaboi manne makubwa mno, wote pamoja ukiwa mpana kuliko majumba mengi ya mtaa huu, katikati kijana mmoja anakanyaga pedali za baiskeli kana kwamba anafukuzwa na fisi. Alikaa juu sekunde 64. Ilhali mwaka 1979 Mmarekani Bryan Allen alikuwa ameshavuka bahari kati ya Uingereza na Ufaransa kwa ndege ya pedali, karibu saa tatu bila kupumzika. Mnaona? Kwenda mbele kwa mbawa ndefu, binadamu anaweza kwa shida. Kusimama hewani kunamshinda. Huyo mdiria mweusi na mweupe mnayemwona pale ziwani anaweza kusimama hewani akichungulia samaki, lakini tazameni anavyopiga mbawa, na ni kiumbe mdogo wa kushikwa kwa kiganja.

Udogo ndio siri, na hapa namrudia Superman. Watungaji wake walieleza nguvu zake kwa mfano wa sisimizi anayebeba mzigo mkubwa kuliko yeye, na panzi anayeruka mbali kuliko urefu wake. Kila mtoto hupenda hoja hiyo. Ina kasoro ambayo Galileo alishaiandika mwaka 1638: ukimkuza kiumbe mara kumi kila upande, eneo la mkato wa mifupa na misuli yake huongezeka mara 100, lakini uzito wake huongezeka mara 1,000. Sisimizi mwenye ukubwa wa fahali asingebeba gari. Miguu ingemvunjikia hapo hapo alipo. Lakini waandishi wale walifanya jambo moja la maana kuliko usahihi: walimpa msomaji kitu anachoweza kukiona uani kwake. Ninyi mna uani wenye nini? Nitarudi hapo.

Tuseme sasa anaelea. Kitu huelea hewani kikiwa chepesi kama hewa iliyokuwa mahali pake. Mtu wa kilo 60 hujaza nafasi ya lita 60 hivi. Lita 60 za hewa ya Kisumu, tulivyo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, zina uzito wa gramu 63. Sijui kama mmesikia. Gramu 63. Yai moja la kuku. Ili msichana yule aelee bila kusukuma chochote, asiangushe omena wa mtu, asile pakiti saba za unga, inatakiwa mwili wake mzima uwe na uzito wa yai.

Najua mtauliza uzito mwingine umekwenda wapi. Sijui, na wala sitauliza. Hilo ndilo jambo moja mnaloruhusiwa kudanganya. Hadithi ya shujaa ina uongo mmoja mkubwa mlangoni. Ukishaupita, yote ya ndani yawe kweli. Wazee walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wanazungumzia vyombo vya baharini, lakini naichukua methali hiyo mzima mzima, kwa sababu msomaji haoni mbao wala misumari, anaona jahazi limetulia juu ya maji. Misumari ni kazi yenu.

Wamarekani wenyewe hawajakubaliana, msione aibu. Kuna Storm, shujaa wa katuni za X-Men, aliyechapishwa mwaka 1975, ambaye mama yake ametajwa kuwa wa hapa Kenya, ingawa hawakutuambia kaunti gani. Yeye huchukuliwa na upepo anaouamrisha. Maelezo hayo nayapenda, yana gharama inayoonekana: nguo zinapepea, miti inainama. Mwaka 1993 wakamleta kijana mwenye jina la Superboy, wakasema yeye husogeza vitu kwa mawazo lakini mpaka aviguse, na kwa kuwa daima anajigusa mwenyewe, basi anajibeba mwenyewe hewani. Ni akili nyingi hiyo. Kwangu inanukia wakili aliyeitwa baada ya kosa kutendeka. Mashabiki walikuwa wamekwisha kuuliza kwa nini shujaa akiinua jengo kwa kona moja halimegeki, ndipo jibu likatafutwa. Anayeeleza kwa sababu amebanwa huonekana amebanwa.

Na sasa mniruhusu niwapeleke karibu, uwanda wa Kano, nusu saa kwa matatu kama hakuna foleni pale Mamboleo. Luanda Magere, shujaa wa vita wa hadithi za Waluo. Kila mmoja hapa amesimuliwa, wengine na nyanya zao, wengine na mwalimu wa darasa la nne. Mwili wa jiwe. Mikuki ya maadui inadunda. Niambieni: ni nani aliyewahi kuwaeleza kwa nini mwili wake ulikuwa jiwe? Nimeuliza wazee watatu na kila mmoja alinitazama kama nimeuliza kwa nini maji ni maji. Lakini wote watatu, bila kuombwa, walinieleza kwa urefu kuhusu kivuli. Jinsi alivyougua, jinsi mkewe wa kutoka upande wa maadui alivyoambiwa achanje kivuli badala ya mwili, jinsi damu ilivyotoka kivulini, jinsi usiku ule mke alivyokimbia kurudi kwao na habari. Halafu vita, na mkuki mmoja uliochomwa ardhini, kwenye kivuli.

Wale wasimulizi hawakupoteza pumzi kueleza nguvu. Pumzi yote waliiweka kwenye tundu la nguvu. Hivyo ndivyo ilivyonibidi kubadilisha swali mliloniletea. Msiulize msichana anaruka kwa nini. Ulizeni ni neno gani kati ya matatu linakuja na kivuli chake ndani yake.

"Kuruka" halina. Anayeruka atashuka, ndiyo, aliye juu mngojee chini, lakini hatujui lini wala kwa nini. "Kupaa" ndilo baya zaidi kwa kazi hii, halina hata kushuka. "Kuelea" lina kila kitu. Kinachoelea kinachukuliwa. Jani linaelea, gugumaji linaelea, na ninyi watu wa Kisumu mnajua vizuri kuliko mtu yeyote gugumaji linavyokwenda: leo limeziba ufuo wote, kesho limehamia ng'ambo, halijaulizwa. Msichana mwenye uzito wa yai hawezi kukataa upepo. Hawezi pia kumpiga mtu ngumi. Ngumi ya gramu chache, jambazi atadhani kipepeo kimemgusa. Kwa hiyo hana vita vya ngumi. Itabidi awe na akili, na hilo litawaokoa kuchora kurasa nyingi za watu wanaotupiana magari.

Na upepo wa hapa haupulizi ovyo. Una ratiba kuliko matatu. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na alfajiri hewa hutoka huku ikielekea ziwani. Jua likikolea, nchi kavu inapata moto mbele ya ziwa, hewa yake inapanda, na ile ya ziwani inakuja kuchukua nafasi. Alasiri mnaihisi usoni, na jioni mara nyingi inakuja na mvua na radi zake. Wavuvi wa tanga wamesafiri kwa ratiba hiyo tangu zamani: wanatoka na upepo wa nchi kavu, wanarudi na upepo wa ziwani. Msichana wenu hana budi kufanya hivyo hivyo. Asubuhi anaweza kwenda lakini hawezi kurudi. Alasiri anaweza kurudi lakini hawezi kwenda. Nani mwingine duniani ana shujaa wa namna hiyo? Mmemaliza kuuliza uani kwenu kuna nini?

Juu ya hapo kuna wale korongo wakubwa wenye mfuko shingoni, wasiopendwa na mtu, wanaosubiri utumbo wa samaki. Watazameni saa nne asubuhi. Hawapigi mbawa. Wanasubiri ardhi ipate joto, kisha wanaingia kwenye hewa moto inayopanda, wanazunguka, wanazunguka, mpaka wanakuwa vumbi. Mwalimu wake wa angani awe huyo. Najua mlitaka tai. Tai ameshachorwa kwenye nembo za kutosha.

Limebaki beseni, ambalo lilikuwa hoja kubwa ya chama cha kuruka, na ni hoja nzuri. Kijana wao aliniandikia hivi: ikiwa yeye amekuwa mwepesi, beseni halijawa jepesi, kwa hiyo hawezi kubeba samaki angani, na muuza samaki asiyeweza kubeba samaki ana faida gani? Nililala na swali hilo. Asubuhi nikaliona kwa upande wa pili. Beseni ndilo linalomshika chini. Kilo 20 za samaki kichwani kwa mtu wa gramu 63 ni nanga. Ndiyo maana miaka yote hakuna aliyegundua, hata yeye: alikuwa hajawahi kulitua beseni mahali peupe wakati wa upepo. Rudini ukurasa wa 12. Beseni liko chini. Mlichora hivyo wenyewe, na hakuna aliyewaagiza.

Sasa fikirieni biashara yake. Kila mama sokoni anaomba samaki waishe mapema. Huyu anaomba wasiishe. Kila samaki anayeuzwa, kisigino kinakuwa chepesi kidogo. Mteja akija na noti ya elfu akasema, "Nipe wote," wenzake watamwonea wivu, naye jasho litamtoka.

Kwa hiyo nakata kesi: ameelea. Wa dirishani msishangilie kiasi hicho, bado mna kazi, kwani ninyi wenyewe hoja yenu iliyoandikwa ilikuwa kwamba neno hilo "linasikika poa." Na kitenzi hicho asikitamke msichana. Yeye hajui lililompata, anajua tu kwamba ameogopa. Akitamke nyanya, aliyekaa ufuoni miaka 70 akitazama kinachokuja na kinachokwenda juu ya maji. Aseme, "Umeelea, mjukuu wangu," kisha amwekee jiwe la kusagia mapajani ili akae chini wazungumze.

Muda wangu umekwisha, naona mwenyekiti anaonyesha saa. Kuna binti mdogo pale nyuma ambaye amenyoosha mkono tangu nilipowataja wale korongo. Haya mama, simama uulize.

Akasimama. Akasema, "Mwalimu, na siku wakiisha wote kabla ya saa tatu asubuhi?"

Sikuwa na jibu. Nilimtazama mwenzangu wa fizikia, naye akatazama dari. Aliyejibu ni yule kijana wa chama cha kuruka, bila kunyanyua macho, kwani alikuwa ameshalivuta daftari kwake na penseli iko mkononi.

"Basi atakunywa chai Uganda," alisema, "na kitambulisho amekiacha kwa nyanya."